Chini ya Kawa la Baba

Bweni la Wasichana,
Dar es Salaam,
9 Novemba 2024

Dada Maulida,

Shikamoo. Natumai wewe na wanao hapo Makurunge mu wazima, na kwamba kikohozi cha Farhan kimetulia. Mimi ni mzima kwa namna ambayo barua hii italazimika kuieleza, kwa hiyo naanza na neno moja.

Kawa ni kifuniko cha ukili, kilichosukwa mfano wa pia, cha kukinga chakula na nzi. Ndivyo lilivyo katika nyumba za watu. Kwetu Dunda lilikuwa mpaka: chini yake lilikaa fungu la baba, na hakuna aliyelifunua ila yeye, hata sisi tukishindia uji.

Wiki iliyopita nilianguka maabara. Nesi wa chuo alinipima, akasema damu imepungua mno, akaniuliza nafunga swaumu ya nani ilhali Ramadhani imekwisha zamani. Hajra, ninayeishi naye chumba kimoja, hunitania kuwa mimi jini, sijaonekana nikila. Juzi alipika wali wa nazi na nguru, akaalika wenzetu, akaufunika kwa kawa alilotumiwa na mama yake. Akasema nifunue mimi, mgeni wa heshima. Mkono ulikataa. Walicheka. Nikatoka, nikakaa ngazini mpaka vyombo vikaoshwa.

Pale ndipo nilipotambua kuwa ugonjwa wangu una tarehe. Unaikumbuka siku baba alipofunua akakuta wali mtupu, akauliza nani kala samaki, nawe ukasema ni wewe. Alikupiga kwa mkanda mpaka mama akakulalia kukukinga. Kesho yake ulipelekwa kwa shangazi, na shule yako ikaishia hapo.

Samaki yule nilimla mimi, dada. Nilikuwa na miaka minane. Miiba niliificha ndani ya foronya ya mto wetu. Baba amezikwa, nami sijasema.

Sikuandikii ili unifariji. Nesi amenishauri nianze kula mbele ya mtu ninayemwamini, na simwoni mwingine ila wewe. Ukiniruhusu, nitakuja likizo. Nisalimie shemeji Mwinyimvua, na watoto uwabusu.

Mdogo wako,
Adila

Limebaki moja ambalo siwezi kulitatua peke yangu. Mto ule tuliulalia sote wawili. Je, uliigusa miiba kabla ya kumjibu baba?