Hodi kwa Asiyeitika

Mjukuu wangu, mume wangu Hamisi,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Temeke tu wazima. Shangazi yako kafungua genge la nyanya, anajiona bosi.

Umeuliza utampata wapi mtu wa kukaa na baba mkwe wako, maana hospitali wamesema mkamuuguzie nyumbani siku zilizobaki.

Baba yangu alipokuwa hivyo, mie nikiwa msichana, alikuja jirani yetu Bi Zuhura bila kuitwa. Sie tulikuwa tukiingia chumbani kama sokoni. Yeye kila mara alisimama mlangoni, "Hodi, mzee," akasubiri, ndipo akaingia kumlowesha midomo.

Nikamcheka. "Bi Zuhura, si haitiki tena?"

"Kwani chumba si chake?"

Siku ya mwisho nilipiga hodi mwenyewe, nikasubiri, nikaingia nikamshika mkono.

Basi waulize majirani, uliza na msikitini, nani hukaa na wagonjwa. Akija, msikilize mlangoni.

Na siku yangu ikifika, usiingie chumbani kwangu kama sokoni. Piga hodi. Jibu nakuandikia kabisa, nisije nikashindwa kuitika: karibu, mume wangu.

Bibi yako