Kijiji Kizima Kiliniona Nikilishwa Wali

Jumapili, jioni. Kumenyesha ile mvua ya kusumbua watu tu, haikuloweshi na haikuachi. Hapa Kiandutu matope yamefika mlangoni, na kichwa changu kiko hivyo hivyo, matope tupu.

Wacha niandike hii kitu kabla haijaniponyoka. Si ati mimi husahau. Mimi niko na akili nyingi, ni vile tu shule ilikosa pa kuziweka, ndio nikatokea kidato cha pili.

Leo nimelishwa. Simaanishi kupakuliwa sahani. Nimelishwa mdomoni, kwa mkono wa mwanaume mzima mwenye mvi, na kijiji kizima huko India kikiniangalia kwa simu.

Na sasa sijui mimi ni nani wao.

Nianze vizuri. Kwa kile kiwanda cha nguo ninachofanyia hapa Thika, kuna fundi wa mashine anaitwa Nirmal. Ni Mbengali. Kwao ni kijiji kidogo sana, jina lake hata ulimi wangu umekataa. Mimi ni msaidizi wake. Mashine ikigoma, wanaita Nirmal. Nirmal akiwa mbali, wananiita mimi. Baada yetu hakuna mwingine, na hayo si majivuno, uliza yeyote pale.

Kila saa ya chakula Nirmal hupigia kwao video, tunakula tukiwaangalia. Hicho kijiji nakijua kuliko Ruiru. Karibu kila nyumba iko na kidimbwi cha samaki nyuma. Mpunga unaanikwa uani na bata wanafukuzwa na fimbo. Halafu hakuna siri: simu ikilia kwa mama yake Nirmal, majirani wote wanakuja na viti vyao. Kuna mzee mmoja hana meno, kila siku lazima aulize kama nimeoa. Namwambia wasichana wa Thika bado wamepanga laini, nachagua polepole. Nirmal anatafsiri, kijiji kinaanguka kwa kicheko.

Maze, mimi ni staa huko.

Sasa, dada yake Nirmal alipata mtoto. Kwao mtoto halambi wali hata punje mpaka siku yake ifike, na wa kwanza kumlisha ni mjomba, ndugu wa mama yake. Mjomba ni Nirmal peke yake. Na Nirmal yuko hapa Thika, mtaa wa Landless, kwa chumba cha kupanga, miaka imepita bila kukanyaga kwao. Meneja alimwambia likizo ipo, lakini lazima abaki mtu anayezijua zile mashine.

Huyo mtu ni nani? Ni mimi.

Shida ni kwamba kesho naanza kazi ya mjengo Ruiru. Rafiki yangu Oti amenitafutia nafasi, wanalipa kushinda kiwanda, na nilishakubali. Nirmal sikuwa nimemwambia. Leo nilienda kwake nikiwa na hayo maneno mdomoni kabisa.

Nikapata amevaa shati jipya. Chumba kinanuka samaki wa kukaanga, simu imeegemezwa kwa sufuria, na ndani ya simu, kijiji chote. Ati siku ya mtoto ni leo, na wameamua babu amlishe kule, lakini mkono wa mjomba nao ulishe mtu saa hiyo hiyo, ndio shughuli isibaki na pengo. Sijui kama hiyo ni mila yao ama waliitunga asubuhi.

"Sasa huyo wa kulishwa ni nani?" nikauliza.

"Kim, keti chini. Kula kwanza, uliza baadaye."

Nikaketi. Nikafungua mdomo kama kifaranga. Yule mzee asiye na meno akapiga makofi.

Halafu Nirmal akaniwekea sinia. Lilikuwa na udongo kidogo, kalamu, noti moja na ile spana yetu ya kazini. Pia kulikuwa na bakuli la mchele uliopikwa na maziwa na sukari, na mimi kwa sukari sina breki. Spana ilikuwa imelala juu ya bakuli. Nikaitoa nipate njia ya kijiko.

Weee! Wamama wa kule wakapiga ngemi, vigelegele kabisa kama vile vya huku kwetu mtoto akizaliwa, mwingine akapuliza kombe la baharini hadi simu ikakwaruza. Kumbe kitu cha kwanza mtoto akishika kwa sinia ndio maisha yake. Yule mtoto wa kule alishika udongo, huyo ni mkulima. Mimi nimeshika spana.

Mama yake Nirmal akasogea mpaka nikaona jicho moja tu. Akasema kitu. Nirmal akajifuta uso na mkono wenye wali.

"Anasema sasa wewe uko na mashine. Mimi nakuja nyumbani."

Nilikuwa na kijiko mdomoni. Ruiru ikateremka na ule mchele.

Nimerudi hapa nyumbani nikamwambia Mathe, mama yangu, nikicheka, nikidhani atacheka, ama anigombeze kwa kukosa kanisa. Hakufanya hata moja. Aliacha kuchambua mboga.

"Walipiga ngemi?"

"Walipiga."

"Basi usiniambie ulikuwa unatafuta sukari."

Lakini si ni ukweli? Nilikuwa natafuta sukari! Mtu anaweza kuchagua kitu na hajui anachagua? Kwa mjengo kuna pesa na maboyz wangu. Kwa kiwanda kuna mashine za kelele na mama mmoja mbali huko, ambaye sitawahi kumshika mkono, ameshaanza kufagia chumba cha mtoto wake.

Oti amepiga: "Kesho mapema kwa geti, uje na buti. Usiniaibishe, nimekusifu kwa foremani."

Nikasema sawa. Nikakata. Halafu nikamtumia ujumbe, nikamwambia aniwie radhi, atafute mwingine.

Akajibu chap chap: "Kwani umepata wapi kazi poa kuliko hii?"

Nikaandika: "Sijapata kazi. Nimepata mjomba."

Oti simlaumu hata akikasirika. Atanielewa vipi, na mimi mwenyewe bado sijajielewa?