Mke Wangu Anawaita Wateja "Hode"

Mpendwa mshauri, Etete Askale, nakulilia, wivu unanitafuna mzimamzima. Mimi ni Tilaye, fundi seremala hapa Saris, Addis Ababa, na mke wangu Zenash anauza injera, ile mikate yetu mipana ya chachu, kando ya barabara, na tangu uchumba wetu ananiita "hode", yaani tumbo langu, nami nikaamini tumbo hilo ni mimi peke yangu, mpaka juma lililopita nilipompelekea mwavuli nikamkuta anamwambia dereva mmoja mwenye koti la ngozi, "Nikuongezee mbili, hode?" na yule bwana anachekelea, "Ukiniita hivyo nipe hata kumi!" basi damu ikanipanda, nikapiga teke kikapu, injera zote zikamwagika matopeni mbele ya watu, nikafoka, "Chagua, mimi au hilo neno lako!" Zenash hakulia, aliinua kikapu akasema, "Sawa. Sitamwita mtu tena." Na kweli, wateja sasa ni "kaka" tu, lakini na mimi nimekuwa "baba Lidya", na juzi nilipojigonga nyundo kidoleni alinifunga kitambaa kimya kimya, yeye ambaye zamani angesema "Pole, hode" kabla sijapiga ukelele, na bado nikimwona yule dereva roho inaniuma, je, wana jambo?

*

Baba Lidya, pole kwa kidole. Kwa injera sikupi pole.

Mjini hapa umehamia jana? Neno hilo muuza vitunguu humwambia hata kibogoyo. Asubuhi hii nimeitwa "hode" na mwanamke aliyenikanyaga ndani ya basi! Barabarani ni tabasamu la biashara. Kitandani, au mtu akiumia, ndipo linakuwa tumbo kweli, pale tunapoficha siri na uchungu. Tofauti hiyo umeijua baada ya kulikosa.

Zenash hana jambo na dereva. Ana jambo na wewe uliyemwaibisha kwenye riziki yake. Kesho mbebee mzigo wake mpaka anapouzia, na umwombe radhi palepale, kwa sauti, wakusikie walewale waliokuona ukipiga teke. Dereva akija, mfungie injera zake wewe, na umsalimie vizuri.

Neno usimdai. Halidaiwi, bwana. Umeniandikia anavyokuita wewe na anavyowaita wengine, ukasahau kuniambia kitu kimoja: yeye, unamwitaje?

Anzia hapo.