Kwenye Beti la Tatu Napanda

Jumatatu, tarehe 6 Agosti

Kinanda kimefika leo. Cha umeme, kirefu kama jeneza la mtu mfupi. Watu wawili wamekibeba, na mwenye bendi nyuma yao anasema polepole, polepole, kama anahamisha bibi harusi. Huyo mwenye bendi tunamwita Tajiri, ingawa viatu vyake navijua tangu vikiwa vipya, na hiyo si juzi.

Amesema Jumamosi tunaingia studio kurekodi santuri, na siku hizi santuri bila kinanda haina mnunuzi. Nyimbo nne. Wa kwanza ni wangu, "Rudi na Mwavuli". Sikushangaa. Ungeanza na upi mwingine?

Wa kukipiga ni mpwa wake Tajiri, binti mwembamba, miwani mikubwa, amesomea muziki. Ameniamkia kwa adabu, mpaka magoti yakakunjika kidogo. Nikampenda hapo hapo. Kosa.

Sasa niandike sisi tunavyofanya, maana leo imeonekana ni kioja. Kila siku kabla ya mazoezi, Waya, mpiga gitaa letu la solo, ananiambia toa sauti. Natoa "aaa", ile ya kuanzia wimbo. Waya anakaza nyuzi zake mpaka zikae hapo. Gitaa la besi linamfuata Waya. Basi, tayari. Bendi nyingine zina kichuma cha kugonga ili wapate sauti. Chetu kilipotea zamani, tukaona cha nini, koo langu lipo na halipotei. Ndiyo maana najisifu, na nimejisifu mbele za watu, kwamba sijawahi kutoka nje ya muziki hata siku moja. Nitatokaje? Muziki ndio unaonifuata mimi!

Leo binti akabonyeza, na sisi tukaingia. Ikawa paka wawili ndani ya gunia moja. Tajiri akadhani kinanda kimeumia njiani. Binti akabonyeza kibonyezo cheupe, akasikiliza gitaa la Waya. Akabonyeza cheusi cha pembeni yake, akasikiliza tena. Kisha akasema taratibu:

"Samahani babu. Hapa hampo, na hapa pia hampo. Mko katikati."

Yaani kwenye ufa. Bendi nzima, miaka yote hii, imekaa kwenye ufa na watu wanacheza.

Haikuishia hapo. Tajiri ana kanda yetu ya zamani, akaiweka kwenye redio. Binti akaitafuta sauti ya kanda hiyo kwenye kinanda. Zamani tulikuwa juu kabisa! Kumbe kila mwaka koo langu likishuka kidogo na umri, bendi nayo inashuka na mimi, hakuna aliyejua. Shemeji yangu wa ngoma, kaka wa mke wangu, akasema kwa mwendo huu, shemeji, tutakuja kukuzika na nyimbo zitakuwa zimeshatangulia chini kukungoja.

Nimecheka kuliko wote. Ndivyo anavyofanya mtu mkubwa akipigwa.


Jumanne, tarehe 7 Agosti

Waya amekaza nyuzi kwa kinanda, si kwa koo langu. Nimekaa pale nimefunga mdomo kama mgonjwa anayesubiri daktari. Sauti imekuja juu kuliko nilivyozoea. Kwangu si kitu. Niliwahi kuimba mpaka glasi tatu zikapasuka mezani kwa wateja. (Mke wangu anasema ilikuwa moja na niliigonga na kiwiko. Yeye alikuwa amekaa mbali.)

Beti la kwanza, safi. La pili, safi. La tatu, nikapanda.

Huwa napanda. Wote wanajua. Ndani ya wimbo mwanamke amekasirika, ameondoka na mwavuli wa nyumba, mvua inanyesha, mume yuko mlangoni. Mabeti mawili anajieleza. Beti la tatu anamwita. Mtu hamwiti mke aliyeshafika barabarani kwa sauti ya kuagiza chai! Sauti inapanda yenyewe. Si sana. Kidogo, kama mtu anayesimama kwa vidole vya miguu achungulie juu ya ukuta. Waya akinisikia nainuka, anazisukuma nyuzi kwa kidole mpaka anifikie, na wa besi vile vile. Tunafika juu pamoja, hakuna aliyeachwa.

Kinanda hakisukumwi. Kimekaa pale pale kama karani wa serikali.

Tajiri amesimamisha muziki. Jina langu la jukwaani ni King'ora. Mimi huwaambia watu ni kwa sababu ya nguvu ya sauti. Shemeji huwaambia ni kwa sababu king'ora nacho huanza chini. Leo Tajiri hakutaka utani wa hivyo wala vile. Amenivuta pembeni, kwenye viti vilivyopinduliwa juu ya meza. Tunafanyia mazoezi baa, asubuhi kabla wateja hawajaja.

"Mzee wangu, nakuheshimu. Lakini Jumamosi ukipanda, binti ataimba yeye. Wewe utaitikia."

Kuitikia! Wimbo nimeutunga mimi, mke ni wangu, mvua ilininyeshea mimi.

Nimemwambia sawa. Nimemwambia hata kushuka najua, ni vile sijawahi kuombwa.


Jumatano, tarehe 8 Agosti

Tumekwenda kuiona studio. Chumba kimoja, kuta zimepigwa mablanketi na trei za mayai. Nimeuliza kuku wako wapi. Fundi mitambo hakucheka. Mtu mfupi, vidude vya kusikilizia viko shingoni kama daktari wa kifua.

Ametuonyesha kazi inavyokwenda. Kipaza sauti kimoja katikati. Mimi karibu, Waya hatua chache nyuma, kinanda ubavuni, Shemeji kule mlangoni na ngoma zake, nyuma ya godoro. Wote wanapiga kwa pamoja. Akikosea mmoja, wamekosea wote.

Nikamuuliza kwa mzaha, fundi, na sauti ikichepuka kidogo huna dawa ya kuinyoosha baadaye? Akasema dawa ipo, ni kurudia, na akanionyesha utepe. Mmoja tu. Wa nyimbo zote nne. Nikamuuliza, basi huwezi hata kunificha kidogo? Akasema hata akinirudisha nyuma nisisikike sana, nitakuwa nimepanda kwa mbali, lakini nimepanda.

Nikampa ile hadithi ya glasi. Safari hii zilikuwa tano. Akasogeza glasi yake ya maji mbali na mimi. Nadhani ndiyo ilikuwa utani wake.


Alhamisi, tarehe 9 Agosti

Binti amenifundisha kubaki chini. Mimi, wa kufundishwa kuimba! Lakini anafundisha vizuri, hana kiburi. Anashika kibonyezo kimoja muda mrefu, mimi nakifuata. Kidole kimoja sikioni, macho sakafuni. Nikianza kuinuka anatikisa kichwa, narudi. Nilikuwa kama mbuzi wa kamba. Shemeji akasema tumfunge jiwe mguuni. Binti akacheka, mara akaomba radhi. Nikamwambia mwanangu cheka, huyo ni shemeji yangu, kazi yake ni hiyo, na hata hiyo haiwezi vizuri.

Mara ya kwanza nikapanda. Ya pili nikapanda kidogo. Ya tatu nikabaki. Wimbo mzima, mwanzo mpaka mwisho, palepale, kama maji kwenye beseni.

Tajiri akapiga makofi. Akaninunulia soda.

Nikamuuliza Waya, unaonaje? Alikuwa anakunja waya wake wa umeme. Akasema imekwenda vizuri. Nikamwambia hilo si jibu la mtu tuliyesimama naye jukwaa moja ujana mzima. Akaendelea kukunja, kisha akasema:

"Umeimba kama msoma mita ya maji, ndugu yangu. Hakuna lita iliyopotea."

Nikamgeukia Shemeji anitetee, au anitukane, lolote. Akachukua vijiti vyake akaaga. Hakunitania. Shemeji akinitania nalala usingizi. Asiponitania ndipo nashika shavu.


Ijumaa, tarehe 10 Agosti

Mazoezi ya mwisho. Tajiri amemwambia binti naye auimbe, eti kama akiba. Nikasema aimbe, kwani wimbo unaisha?

Akaimba. Nilitafuta kasoro kama mtu anayechagua mchele. Sikupata hata kokoto moja. Kila sauti imekaa mahali pake, safi kama sahani iliyosuguliwa. Ningeweza kuandika hapa kwamba ana sauti nyembamba, na hakuna ambaye angesoma akanibishia. Lakini haikuwa nyembamba. Ilikuwa nzuri.

Baadaye alinifuata, akaniuliza yule mwanamke aliondoka kwa nini hasa, wimbo hausemi. Nikamwambia aliondoka kwa sababu mume alikuwa anaongea sana. Akafikiri kidogo. Akauliza, na akarudi kwa nini? Nikasema mume aliita vizuri. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa anwani ya nyumba asiyoijua. Hakuwa na furaha. Akasema mjomba hakumuuliza kama anataka.

Nyumbani nimemkuta mke wangu anakunja nguo. Huyu ndiye aliyenifundisha herufi, na kwa herufi ni mkali mpaka leo, ndiyo maana daftari hili nalificha. Nilikuwa sijamwambia habari ya kuitikia. Kumbe anajua, Shemeji ni kaka yake, mdomo wa familia ni mmoja.

Akasema niimbe kama nitakavyoimba kesho.

Nikaimba. Kidole sikioni, macho sakafuni. Beti la kwanza, la pili, la tatu. Sikupanda. Nilijisikia fundi. Akakunja shati, akakunja jingine. Nikamuuliza, vipi?

"Kwa sauti hiyo nisingerudi."

Akabeba nguo zake akaingia ndani. Akiwa kule akaongeza kwamba mwavuli wenyewe alinunua yeye, na kwamba nimekwishaudanganya ulimwengu vya kutosha.

Sasa nifanyeje? Nikipanda, naitikia. Nikibaki chini, jina langu linatoka kwenye santuri na sauti ya msoma mita. Nina vichwa viwili na kofia moja.


Jumamosi, tarehe 11 Agosti

Studio. Niko nje kwenye benchi, naandikia magotini. Jua kali. Shemeji yuko kulia kwangu, Waya kushoto, wa besi kivulini, binti anakula karanga. Mlango umefungwa.

Niandike upesi.

Tumeingia asubuhi. Fundi ametupanga kama alivyosema. Tajiri amesimama kwenye kona, mikono nyuma. Taa nyekundu ikawaka. Nilikuwa nimeamua kubaki chini. Kweli kabisa. Nilikuwa nimeshaweka kidole sikioni.

Beti la kwanza nikabaki. La pili nikabaki. Fundi anaitikia kwa kichwa. Halafu tunaingia la tatu, na hapo nikamwona yule mwanamke barabarani. Si yule wa wimbo. Huyu wangu, wa siku ile, na mwavuli uliovunjika bawa moja, na mvua. Nikatoa kidole sikioni. Nikamwita.

Nimepanda! Nimepanda kuliko siku zote, sitadanganya, na mtu anayenijua anajua hilo ni jambo adimu. Nikangoja paka ndani ya gunia. Hawakuja. Nikageuza jicho. Binti ameinua mikono kwenye kinanda, ameiweka mapajani. Waya anasukuma nyuzi, meno nje, anapanda na mimi. Wa besi naye yumo. Nyuma ya godoro Shemeji anapiga kama anafukuza mwizi. Fundi hakusimamisha. Tumefika mwisho pamoja.

Tajiri akaangalia kinanda, akaniangalia mimi. Akamwambia binti, haya, sasa wewe. Mimi nikarudi nyuma nikaitikia. Niliitikia vizuri pia, iandikwe. Binti akaimba bila kokoto, kama jana.

Kwa hiyo utepe una wimbo mara mbili, mimi halafu binti. Fundi amesema nafasi haitoshi, nyimbo tatu zinangoja. Mmoja unafutwa sasa hivi. Tajiri ndiye wa kuchagua. Tukatolewa nje.

Nimemuuliza binti kwa nini aliacha kupiga, mjomba wake atamsema. Akasema, "Ningekuharibia, babu," akanipa karanga.

Wamesikiliza wangu. Wakasikiliza wa binti. Sasa wameuweka tena wangu. Waya anasema ni dalili nzuri, kitu kibaya hakirudiwi. Shemeji anasema inategemea, polisi nao hurudia swali. Ameanza tena kunitania. Nimeshukuru.

Mlango umefunguka. Ni Fundi, ametoka kuvuta sigara. Macho yake hayako kwetu. Ameuzuia tu mlango kwa mgongo. Muziki unatoka kidogo. Beti la kwanza.

Kuna mtu anaimba juu ya sauti yangu kule ndani. Taratibu, anajificha. Ana sauti mbaya, kavu, kama mlango wa stoo. Fundi yuko nje hapa. Kule ndani amebaki mtu mmoja tu, na tangu nimjue sijamsikia akiimba.

Beti la pili. Bado yumo. Maneno anayajua yote!

Waya ameacha kutafuna karanga za binti. Shemeji ameniwekea mkono begani, ananiambia acha kukwaruza na hiyo kalamu, tusikie. Dakika moja, shemeji.

Hilo la tatu linaingia. Tuone kama atabaki chini.