Sufu ya Mume Wangu na Bahari ya Mkoa

Jumatatu, 4 Machi

Wiki ya tatu ya ndoa. Mume wangu Ctibor – naliandika neno mume polepole, tamu! – asubuhi aliniwekea kiganjani kipande cha sufu alichokitengeneza maabarani. Laini kama shavu la mtoto. Ni ya kujaza ukutani, nyumba zisipoteze joto. Wachungaji wetu huchoma sufu kwa kukosa mnunuzi, yeye anaiokoa. Mkataba wake chuoni unaisha mwezi huu. Mkoa ukikubali ombi lake la fedha za utafiti, anabaki. Ukikataa, kazi iliyopo ni Norwe, miaka miwili, na mimi siwezi kumwacha mama asiyeona. Lakini watakubali. Mkoa huu unaishi kwa kondoo.

Jumatano, 6 Machi

Wamekataa. Sufu haimo kwenye vipaumbele vya mkoa. Nikaomba kitabu cha vipaumbele, nikasoma mwenyewe. Cha kwanza, kompyuta. Cha pili, magari. Cha tatu, uchumi wa bahari.

Bahari! Slovakia hii isiyo na pwani! Kwa treni ni siku nzima kuiona. Ctibor anasema wataalamu wa kukodi walinakili mpango wa mkoa fulani wa pwani, nje huko. Madiwani wakasaini, maprofesa wakasaini. Hakuna aliyesoma. Nimelia kwa hasira, akanifuta machozi kwa ile sufu, mpenzi wangu.

Alhamisi, 7 Machi

Makamu mkuu wa chuo, yule wa utafiti, alikuja kantini ya chuo, ninakofanya kazi. Nilikuwa nagawa chakula. Nikamuuliza: bahari yetu iko wapi, profesa?

Akacheka. Eti, "Bibie, Umoja wa Ulaya, wenye fedha, umeshapitisha mpango. Tukifuta neno moja tunaanza upya, miaka miwili. Mwambie mumeo aitie sufu yake bahari kidogo."

"Na chumvi?" akadakia shangazi Hermína wa jikoni. "Maana supu yako leo haina, profesa."

Foleni nzima ilicheka. Mimi sikucheka. Makamu anayajua yote, na bado anakula kwa raha.

Ijumaa, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Ctibor kaniletea ua la tulipu saa nane mchana, na ombi jipya: sufu ya kufyonza mafuta yaliyomwagika baharini. Makamu mwenyewe ndiye amemwandikia kichwa cha ombi. Mwisho wa kusaini ni saa kumi.

"Inafyonza kweli," kasema, bila kunitazama. "Sijadanganya."

"Na nyumba? Na wachungaji?"

"Hao hawamo, Radka."

Mtu huyu hajawahi hata kuisifu supu yangu kwa uongo. Ndiyo maana nilimpenda! Sasa wamemfundisha uongo, na wamenitumia mimi kumfundishia: anataka kusaini ili asiniache. Anasema nikisema asisaini, hasaini. Anasubiri jikoni, kalamu mkononi. Mimi nimejifungia chumbani nakuandikia wewe, daftari.

Saa kumi kasoro robo. Ananiita, kwa upole. Jibu ninalo. Kama nisingemtaka abaki, ningeshalitoa.