Kikombe cha Bati

Alhamisi, Liuli, wodini

Na shavu bado linawaka. Shemeji Bosko alinizaba kofi mbele ya wagonjwa wote, eti namuua kaka yake kwa kumpa maji.

Tangu tushuke kutoka Mbinga na lori la mnunuzi binafsi wa kahawa, amemnyima mume wangu Kasto hata uji. "Kifua kimejaa maji, shemeji, na wewe unamwongezea?" Midomo ya Kasto imepasuka kwa kiu.

Daktari alimfokea Bosko. Maji yale hayatoki kikombeni, yanaletwa na ugonjwa, pengine kifua kikuu, yanajaa kati ya pafu na mbavu mpaka pafu linabanwa. Kisha akamchoma Kasto sindano nene mgongoni. Yakatoka ya manjano, chupa nzima.

Kasto akavuta pumzi ndefu. Neno lake la kwanza likawa, "Maji."

Nikajaza kikombe. Bosko akanyanyua mkono tena. Nikamtwanga nacho usoni, damu ikamchuruzika puani.

Naogopa kurudi nyumbani. Ukoo wao hauta...

Kikombe kimebonyea. Nilikijaza upya, Kasto akanywa mpaka tone la mwisho.