Betri ya Zahanati

Rwamihanda, Ngara
3 Desemba 1978

Kaka Protasi,

Shikamoo. Hujambo huko vitani? Sisi tu wazima, ila mama goti linamsumbua. Mkeo Clotilda anakusalimu. Tunatazamia ajifungue Machi.

Kaka, wewe ni fundi wa redio jeshini, nisaidie. Redio ya upepo ya zahanati yetu inapokea tu. Nikiita hospitali ya misheni walete gari, nawasikia wakisema, "Rwamihanda, hatukupati." Methusela, fundi wa misheni, alipima betri akaikuta nzima. Anasema redio imeungua, ipelekwe Mwanza. Nawe wajua, tangu tuhamishiwe kijiji hiki cha ujamaa, hospitali iko mbali.

Mdogo wako,
Ildefonsa

Mstari wa mbele
30 Desemba 1978

Mdogo wangu,

Marahaba. Niko hai, ingawa viatu vimeoza kwa mvua.

Msiipeleke redio Mwanza. Methusela aliipima betri ikiwa imepumzika. Betri iliyochoka ni kama mgonjwa: ukimwona kitandani utasema amepona, mtwishe mtungi uone. Kusikiliza kunakula umeme kidogo, kusema kunakula mwingi. Kwanza sugua vishikizo vya nyaya, huenda vina kutu. Kisha funga balbu ndogo kwenye betri, ubonyeze kitufe cha kusemea. Balbu ikififia, redio ni nzima. Betri ndiyo inakufa.

Mwambie Clotilda asiende kulima bondeni.

Kaka yako,
Protasi

Rwamihanda
28 Januari 1979

Kaka,

Shikamoo. Huku salama, goti la mama limepata nafuu.

Nilisugua vishikizo, hakuna kilichobadilika. Nilipofunga balbu na kubonyeza, ikawa nyekundu kama kaa linalozimika. Methusela akajicheka mwenyewe: "Kumbe nilitaka kuwasafirisha bure!" Mganga wa zahanati ameagiza betri mpya Biharamulo, itakuja na lori la ushirika. Clotilda anasema mtoto anapiga mateke kama askari.

Mdogo wako,
Ildefonsa

Safarini
25 Februari 1979

Mdogo wangu,

Hamjambo wote? Mimi mzima. Umefanya vyema. Betri ikifika, isitolewe kwa kazi nyingine yoyote. Clotilda aniandikie mwenyewe, hata mstari mmoja.

Kaka yako,
Protasi

Uganda
20 Aprili 1979

Ildefonsa,

Hamjambo? Wenzangu wa Ngara wamepata barua, mimi sina. Machi imepita. Ni mvulana au msichana? Niandikie, hata kama ni habari mbaya.

Kaka yako,
Protasi

Rwamihanda
14 Mei 1979

Kaka,

Shikamoo. Mama alinikataza kukuandikia ungali kwenye risasi. Sasa Kampala imeanguka, siwezi kunyamaza tena. Clotilda hatunaye. Tulimzika Machi. Mtoto ni msichana, yu hai, mama anamlea kwa maziwa ya ng'ombe.

Betri mpya ilifika. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Evaristi, akaiazima kwa kipaza sauti cha mikutano ya kuchangia vita, akatuachia ile mbovu. Mganga hakuthubutu kukataa. Mchana ule Clotilda alipojifungua, damu haikukoma. Niliita hospitali. Wakajibu, "Rwamihanda, rudia, hatukupati." Nikakimbilia mkutanoni.

"Mwenyekiti, nipe betri, Clotilda anakufa!"

Akaziba kipaza sauti kwa kiganja. "Binti, hawa hawajamaliza kutaja ng'ombe wanaowatoa. Subiri kidogo."

Nikazing'oa nyaya kwa mikono yangu. Mgambo wakanishika. Waliponiachia nikaenda mbio na betri, nimeikumbatia. Nikamkuta Clotilda amefunikwa khanga.

Mazishini Evaristi alihutubia. Alikuita shujaa wa kijiji. Alikuja na kipaza sauti chake, kaka, na betri ileile.

Mdogo wako,
Ildefonsa

Uganda
11 Juni 1979

Ildefonsa,

Marahaba. Barua nimeipata. Afya yangu ni nzuri.

Ningependa kusema sikulaumu. Siku nyingine nakulaumu, kwamba hukuzing'oa nyaya zile mapema. Siku nyingine najilaumu mimi, niliyekuwa nikitengenezea makamanda redio waongee wanavyotaka. Evaristi namlaumu kila siku.

Jana afisa aliuliza ni fundi gani atakayebaki Uganda wenzake wakirudi nyumbani. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kuuliza.

Mtoto mpeni jina mnalolipenda. Akikua akauliza baba yake yuko wapi, mwambieni vita havijaisha.

Kaka yako,
Protasi